Mwaka Nilioanguka Vizuri

Bega langu la kushoto lilitoka mahali pake nikiwa Mikumi, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Kwa wiki sita nililala katika chumba nilichokulia, nyumbani kwa baba yangu, Mabwerebwere. Mkono ulifungwa kifuani, na dawa za maumivu zikanilegeza hata nikawa si mtu wa kulala wala wa kuamka. Mvua ikinyesha juu ya bati, nilisikia watu wakipiga makofi. Ikikatika, niliona wanatawanyika, kila mmoja na mwavuli wake.

Mimi ni mcheza mieleka. Si ile ya kugombea medali. Ni ile watu wanayoitazama kwenye televisheni, ya kamba na kurushana na kelele nyingi. Sina klabu, sina mkataba na mtu. Siku za kawaida natengeneza baiskeli karibu na stesheni ya Kilosa. Promota akipiga simu kwamba kuna gulio au sikukuu mahali fulani, nafunga mlango naenda. Mpinzani wangu ni yuleyule miaka yote, mtoto wa wafugaji waliohamia huku kutoka kanda ya ziwa wakati yeye bado anabebwa mgongoni. Ni mrefu, mpole, na anaongea taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nani atashinda tunajua kabla. Tunakubaliana nyuma ya turubai, kisha tunatoka maadui. Hiyo ndiyo siri ya kazi yetu, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Baba yangu mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi aliiita kazi hiyo upuuzi wa watu wazima, sikumwambia.

Basi pale kitandani sikuwa na la kufanya ila kuupima mwaka wangu ulingoni. Kushinda na kushindwa hakukunisaidia, maana vyote tulivipanga wenyewe. Nikajiuliza mengine. Wapi watu waliamini? Wapi nilimsikiliza mwenzangu, na wapi nilijisikiliza mwenyewe?

Pambano lililokuja kwanza kila nilipofumba macho ni la Kidete. Ulingo ulifungwa kwenye uwanja ulio kati ya reli na mto Mkondoa, na asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya maji. Tulikuwa katikati ya kazi, nimemkaba shingo naye amenishika kiuno, treni ikatokea. Watu wote wakageuka kuitazama. Na sisi tukageuka. Tulisimama vilevile tumekamatana, vichwa vyetu vimegusana, tukahesabu mabehewa hadi la mwisho likapotea nyuma ya kilima. Mtoto mmoja alipungia mkono dirishani, nami nikampungia kwa mkono uliokuwa shingoni mwa adui yangu. Hakuna aliyecheka. Treni ilipokwisha tukaendelea, na watu wakarudi kutuamini kana kwamba hakuna kilichotokea. Kitandani sikujua kama niliikumbuka treni hiyo au niliiota. Nililiandika kichwani kuwa pambano zuri, ingawa hatukufanya kitu cha maana.

La Rudewa niliona ndilo baya kuliko yote.

Tulikuwa tumepanga nishinde mimi. Lakini tulipopanda ulingoni niliona watu wamekaa pande mbili. Huku wakulima, wengine nawafahamu kwa sura, watu wa kwetu. Kule wafugaji, wamesimama na fimbo zao. Wiki hiyo kulikuwa na ugomvi wa ng'ombe walioingia kwenye mahindi, nasi hatukuambiwa. Mwanzoni walitushangilia kama kawaida. Kisha nikamwinua mwenzangu mabegani, na sauti moja upande wa kwetu ikapaa, "Mtupe! Mrudishe kwao!" Wengine wakaidaka. Kule ng'ambo fimbo zikaanza kuinuliwa.

Nilimsikia akininong'oneza huku nimembeba, "Maliza kama tulivyopanga. Nibwage, yaishe."

"Haitaisha," nikamwambia.

"Sasa?"

"Tuanguke wote."

Nikamshusha, tukakumbatiana kwa hasira ya uongo, tukajitupa kwenye kamba, kamba zikatuachia, tukaanguka nje, chini kwenye udongo ule wa mashamba ya zamani ya mkonge. Nakumbuka mbingu tu. Ilikuwa nyeupe na pana, na vijumbamshale walikuwa wanazunguka juu kabisa, bila haraka. Refa akahesabu hadi kumi, hakuna aliyeinuka. Halafu bibi mmoja wa upande wetu, mwenye kanga mbili, akasema kwa sauti kubwa, "Hawa wachovu wote wawili! Wapelekeni wakalale, ng'ombe na mahindi vyote vitawashinda!" Upande wa pili mtu akamjibu kwa utani, watu wakacheka, na fimbo zikashuka. Lakini pambano lilikufa pale. Promota alikasirika akasema tumemharibia. Nami nilirudi nyumbani na kichwa kinauma, nikiamini sikumaliza kazi niliyoitiwa.

Kisha Mikumi. Ulingo ulikuwa jirani na barabara kuu, malori na mabasi yamesimama, abiria wametoka kunyoosha miguu. Milima ilikuwa ya buluu, na mvua ilikuwa imenyunyiza turubai. Tulikubaliana hakuna kuruka siku hiyo, turubai linateleza. Lakini watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, nao walikuwa wananitazama mimi. Nikapanda kamba ya juu. Mwenzangu akiwa chini alitikisa kichwa. Nilimwona, na bado nikaruka. Mguu uliteleza kabla haujaachia kamba. Niliangukia bega, mbali naye kabisa, na nilichosikia kwanza ni makofi, kwa sababu walidhani ndivyo ilivyopangwa.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuupima mwaka, siku ya kumi au ya kumi na tano, mchana, niliposikia mtu anabisha hodi. Akaingia mwenzangu, ameinama mlangoni kwa urefu wake, na dumu la maziwa ya mgando mkononi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda changu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

Mwenzangu akaketi kwenye ukingo wa kigoda. Baba akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye unayepigana na mwanangu."

"Ndiyo, mzee."

"Na bega hili ni wewe?"

Mwenzangu alinitazama mara moja, haraka. Angeweza kusema kweli, kwamba hata kunigusa hakunigusa. Ila kusema kweli hiyo kungefungua na ile nyingine, ya kupanga kwetu. Akainamisha kichwa.

"Ni mimi, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

Nilijaribu kuinuka, bega likanirudisha. "Baba, si yeye. Niliruka mwenyewe, alinikataza. Na... hatupigani. Tunapanga. Kila kitu tunapanga kabla."

Mvua ilikuwa imeanza tena, ndogondogo. Baba hakuonyesha mshangao wowote.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Rudewa. Nilikwenda kumsalimia shangazi yako, nikasikia spika zinaita watu. Nikasimama nyuma." Akamgeukia mwenzangu. "Mlipoanguka nje ya kamba, uliweka kiganja chako chini ya kisogo chake kabla hakijafika chini. Kiganja kikagonga jiwe. Mimi nilikuwa upande ule, nikaona. Mtu anayetaka kukuumiza hafanyi hivyo."

Mwenzangu aliuficha mkono wa kulia chini ya paja, kama aliyekamatwa na kitu. Nikamwambia auonyeshe. Katikati ya kiganja palikuwa na kovu jipya, la rangi ya waridi. Miezi mitatu tulikuwa tumefanya kazi pamoja baada ya Rudewa, hakuwahi kulitaja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kuanguka kwa uangalifu," akasema. "Ungeharibu."

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu. Akaenda mwenyewe jikoni kuleta vikombe, akammiminia mgeni kwanza, na wakazungumza habari za malisho na bei ya mahindi hadi mvua ikaisha. Mimi nilikuwa nimelala katikati yao, nikiyasikia maneno yanakuja na kwenda kama maji. Nilijaribu kulipima upya lile pambano la Rudewa, usingizi ukanichukua kabla sijafika mwisho.

Bega lilipona, si lote. Mkono hauinuki tena juu ya kichwa. Baada ya masika tulianza upya, hapa hapa Kilosa, kwenye uwanja wa mpira, na mimi sipandi kamba tena; nakaa chini, naanguka, na najitahidi kumtazama mwenzangu usoni anapotikisa kichwa. Zamu hiyo tulikuwa tumepanga ashinde yeye.

Baba alikuja. Alikaa mstari wa mbele kabisa, na kofia yake ya Ijumaa. Mwenzangu aliponishika mkono na kuuzungusha nyuma, nikapiga kelele zangu za kazi, nilimwona mzee amesimama, kidole juu, sauti imepasuka: "Refa! Refa, wewe kipofu? Anamuua mwanangu!"

Watu waliokaa karibu naye walimshika wamtulize. Hakutulia.