Siku Kumi Bila Mwani

Kibao kilipigiliwa kwenye mlango wa Avis Guptill asubuhi ya Jumanne ya kwanza ya Septemba, na hadi saa sita mchana hakuna mtu kisiwani Grand Manan ambaye hakuwa na habari zake. Kiliandikwa kwa rangi nyekundu iliyosalia kwenye kopo la kupakia boti: MWANI MARUFUKU HUMU NDANI. HATA WEWE LORNE.

Lorne mwenyewe, mdogo wake Avis wa tumbo moja, alikisoma, akarudi nyuma hatua moja, akakisoma tena.

"Dada," akaita dirishani, "umeokoka ama umerukwa na akili?"

"Geuza mifuko yako nje kwanza. Ukimaliza, nawa mikono pale bombani. Halafu ndiyo uniulize."

Lorne alitazama mifuko yake kwa huzuni. Mwani mwekundu uliokaushwa huliwa kisiwani hapo kama watu wa kwingine wanavyotafuna karanga: barabarani, kanisani, hata msibani. Na wa kuuzuia alikuwa nani? Avis, ambaye amekuwa akichuma mwani tangu ana miaka ishirini na mitatu, na sasa ana sabini na minne. Kila bamvua, maji yakikupwa mbali kabisa, huteremka Dark Harbour chini ya jabali na kuung'oa mwambani kwa mikono mitupu. Huuanika kwenye nyavu juu ya mawe, na ukishakauka, magunia yake hukaa jikoni mpaka Wendell, mnunuzi, aje kuyachukua. Nyumba nzima hunukia bahari.

Sababu ya yote hayo ilikuwa imekaa juu ya meza ikila. Murdo, paka wa kijivu mwenye sikio lililoraruka, umri miaka kumi na minne. Tangu majira ya kuchipua alikuwa anakula chakula cha paka watatu na bado anakonda. Analia bila sababu, anakunywa maji kama ng'ombe, na ukiweka kiganja ubavuni mwake unasikia moyo unakwenda mbio kama cherehani.

Daktari wa wanyama kule bara alimpapasa shingo akasema ni tezi. Tezi ya shingoni imevimba, inafanya kazi kupita kiasi, mwili mzima unakimbizwa nayo. Kulikuwa na dawa ya kumpaka sikioni, ikasaidia kidogo, lakini ilimfanya atapike na kujikwaruza uso mpaka damu. Tiba ya kweli ilikuwa sindano moja tu: madini joto, yaleyale ya kwenye chumvi, ila haya yana mionzi. Tezi inayapenda madini hayo kuliko kitu chochote. Inayavuta yote, inajijaza, na mionzi inaiunguza palepale ilipovimba, bila kisu. Avis alipoelezwa alimwomba daktari arudie tangu mwanzo, si kwa kuwa hakuelewa, bali kwa sababu aliona ni ujanja mzuri ajabu.

Damu ikapimwa, mkojo ukapimwa, kifua kikapigwa picha. Figo zinafaa, moyo utastahimili, lakini si kwa muda mrefu. Shida ikabaki moja. Tezi ni kama mgeni wa karamu: ukimshibisha uji kabla, pilau ikija ataitazama tu. Ili Murdo ayavute madini yenye mionzi, lazima kwanza atiwe njaa ya madini ya kawaida. Asile samaki, asile chumvi. Na hakuna kitu chini ya jua kilichojaa madini joto kama mwani.

"Siku kumi kamili akiwa safi," daktari alisema. "Tisa hazitoshi." Dawa yenyewe huagizwa mbali kwa ajili ya paka huyo mmoja, na haiwezi kuwekwa kabatini kusubiri, kwa maana kila siku nane nguvu yake hupungua nusu. Murdo alipewa Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Akiikosa, nafasi nyingine ni mwisho wa Novemba, na kuhusu Novemba daktari hakutaka kuahidi neno.

"Paka wa miaka kumi na minne," Lorne alisema, akikausha mikono kwenye suruali. "Mimi nina sitini na tisa, goti limekufa, na hakuna anayenipeleka popote."

"Ungekuwa unakamata panya ningekufikiria."

Wendell naye alipokuja kuchukua magunia alisimama nje ya kibao akicheka. "Avis, atarudi anang'aa gizani huyo."

"Akirudi anang'aa nitapunguza bili ya umeme."

"Mwache mzee wa watu apumzike, bwana. Kila kitu kina mwisho wake."

Hapo Avis akamwangalia. Maneno hayo aliyajua. Alipoanza kuchuma walimwambia Dark Harbour si mahali pa msichana. Mumewe Clifton alipofariki walimwambia auze kibanda chao cha kule ufukweni, na kusema kweli alikuwa ameshapanga kukiuza. Waliposema tu, akaghairi.

"Una mwisho wako na wewe, Wendell," akasema. "Uko pale kwenye gari lako. Nenda."

Avis aliyahamishia bandani magunia yaliyokuwa jikoni. Akafua mapazia, akasugua sakafu mara tatu, akapangusa mpaka juu ya kabati ambako vumbi jekundu lilikuwa limelala tangu enzi za Clifton. Chakula cha Murdo kikawa kuku wa kuchemsha bila chumvi na makopo maalumu ya kliniki. Asubuhi anakwenda kuchuma, jioni anarudi, anabadilisha nguo barazani, anaingia. Alijiona mshindi.

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, simu ikalia. Alikuwa Josée, muuguzi wa kliniki, akihakikisha maandalizi. Avis alikuwa ametoka kufungasha mwani bandani. Akavuta kiti, Murdo akampandia mapajani.

"Samaki, Bi Avis?"

"Hajanusa."

"Mayai? Maziwa? Mabaki ya mezani?"

"Hakuna."

"Na ule mwani wenu?"

"Ndugu yangu nimemfukuza mara nne. Hakuna punje iliyoingia humu—"

Akaangalia chini. Murdo alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa miguu miwili ya mbele, ametulia kama mtoto anyonyaye, ulimi unapita katikati ya vidole, kidole hadi kidole, halafu chini ya kucha. Ndivyo alivyofanya jana. Ndivyo alivyofanya kila jioni kwa miaka kumi na minne. Avis aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine: mistari yote ya kiganja ilikuwa myekundu.

"Bi Avis? Bado upo?"

"Nipo," akasema polepole. "Josée, mwanangu, nimempata mwizi. Ni mimi."

Josée hakucheka. Alihesabu. "Ukianza kesho Ijumaa, mpaka Jumapili ya kabla ya sindano ni siku kumi. Kamili. Ila hakuna hata moja ya kupoteza."

Siku kumi hizohizo zilikuwa na bamvua kubwa kuliko zote za mwaka. Kila mchumaji kisiwani alikuwa ameizungushia duara kwenye kalenda. Na kwa desturi isiyoandikwa popote, kila mtu ana mwamba wake; lakini mwamba ukiachwa bila kuchumwa bamvua kubwa, ni mali ya atakayetangulia.

"Vaa glavu," Lorne alishauri, akiwa upande wake wa mlango.

"Glavu hufunika mikono tu. Vumbi limo nywelani, limo masikioni. Amenilamba shingo."

"Basi niachie mimi huyo paka."

"Nilikuachia nilipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Alikaa siku nne chini ya kitanda bila kula."

"Alikuwa ananichukia tangu zamani," Lorne alikubali.

Jioni hiyo Avis aliingia bafuni na brashi ya kusugulia boti. Alipotoka alimpigia Wendell simu. "Usinihesabu bamvua hii."

"Unaumwa?"

"Mzima kuliko wewe."

"Miaka hamsini na moja, Avis. Hata mwaka ule umevunjika mbavu ulishuka."

"Sasa nakosa. Watangazie wote, usichoke."

Jumatatu dawa ya sikioni ikasimamishwa, kama alivyoagizwa, na Murdo akaharibika mbele ya macho yake. Alikula, akalia, akatembea nyumba nzima, akarudi kula. Avis alikuwa akiusikia moyo wake bila kumgusa. Mara kwa mara paka alisimama mbele ya kabati palipokuwa na mwani zamani na kutoa sauti nyembamba ya kudai.

"Lia," Avis alimwambia. "Hata mimi nina hamu nao. Tulie wote."

Jumatano maji yalikupwa kuliko alivyokumbuka. Hakuhitaji kuyaona, harufu ilipanda mpaka kwake. Angeweza kujifungia chumbani. Badala yake alitoa kiti barazani, akakiweka penye kuonekana na kila gari linalokwenda Dark Harbour, akamweka Murdo mapajani, akakaa wima kama hakimu. Magari yakapita. Mmoja akapiga honi. Mwingine akapaza sauti, "Likizo njema, Avis!" Akampungia mkono. Mikono yake ilikuwa imeanza kuwa laini na myeupe, na hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko kelele zao. Ilifanana na mikono ya mama wa benki. Hakuificha.

Lorne akasimamisha gari langoni. "Wendell anauliza habari za mwamba wako."

"Anaulizaje?"

"Kwa macho."

Mwamba ule Clifton alimwonyesha Avis siku ya tatu baada ya harusi. Murdo alikuwa ameshika vidole vyake, analamba, anatafuta, anaanza upya.

"Mwambie auchukue kama anataka," akasema. "Aseme tu kwa mdomo, nimsikie. Mwakani nitauomba kwa mdomo na mimi, na nitauomba nikiwa na jembe mkononi."

Lorne aliondoa gari kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu ya sindano, Avis na Murdo walikuwa wa kwanza kwenye foleni ya feri. Kliniki ilikuwa imeonya kwamba kitambaa kitakachoingia na paka hakitatoka tena, kwa sababu ya mionzi, kwa hiyo Avis alikuwa amefua shati la Lorne mara tatu na kulitandika kikapuni. Lorne alilitambua palepale gatini.

"Hilo ni shati langu la kwendea harusi."

"Nani anaoa?"

Akaguna. Kisha akafungua buti la gari la dada yake, mbali na paka, akatupia kitu kilichofungwa kwenye mifuko mitatu. "Usikiguse mpaka aingie kliniki huyo," akasema, akaondoka akichechemea.

Kliniki, Josée alikuwa na orodha yake. Alifika kwenye mwani akainua macho. Avis akampelekea mikono yote miwili mpaka puani.

"Nusa."

Josée akanusa. "Sabuni."

"Siku kumi."

Walimtoa Murdo kikapuni wampime uzito. Alikuwa anatetemeka, mwepesi kama kapu tupu, lakini alipouona mkono wa Avis aliukamata kwa miguu miwili ya mbele, kama kawaida. Akalamba kiganja. Akalamba katikati ya vidole. Akaacha, akamtazama Avis kwa dharau kubwa sana, akamgeuzia mgongo.

"Huyo yuko tayari," Avis alisema, akabaki amesimama mpaka mlango ulipofungwa nyuma ya Murdo.

Kwenye feri ya kurudi, Murdo akiwa amebaki kliniki mpaka mionzi ipungue, Avis alishuka garini akafungua mifuko ya Lorne. Mfuko wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu mlikuwa na mwani mweusi-mwekundu, majani mapana, na kipande cha karatasi: Wa mwambani kwako. Nimechuma konzi mbili tu. Siku zilizobaki nimesimama juu yake, mtu asiuguse.

Alikwenda nao sitahani, akasimama upepo ukimpiga, akala. Hakuacha hata unga. Vidole alivilamba mwenyewe.