Udongo Usio na Chumvi

Mama mkwe wangu, Oymoh, ndiye fundi mkuu wa matanuri ya mkate hapa kijijini, na kwa ubishi hana mwenzake. Ukimwambia tanuri limepinda, atakuuliza kama shingo yako ndiyo imenyooka. Kwa miaka thelathini wanawake wengi wa upande wetu wa bonde la mto Vakhsh wameoka mkate kwenye kazi ya mikono yake.

Jana alikuja Rukhshona, yule binti mpima udongo aliyechota sampuli katika nyua zetu wakati wa kuvuna pamba. Alileta majibu. Ile dawa nyeupe ya wadudu, iliyomwagwa na ndege juu ya mashamba ya pamba kabla sijazaliwa, bado imo ardhini.

"Mashambani nilitegemea," alisema. "Lakini kuna nyua zimezidi hata mashamba. Kwa Savlat, kwa Bibi Anzurat, hapa kwenu. Kwa majirani zenu haimo. Sijui inatoka wapi."

"Labda mashine yako imechoka," alisema Mama mkwe.

"Nimepima mara tatu, bibi."

Mama alikuwa anamimina chai. Bakuli la kunywea lilijaa, chai ikafurika kwenye kitambaa cha kulia, naye hakuacha. Nikaanza kuogopa kabla sijajua naogopa nini.

Rukhshona alipotoka kufuata karatasi garini, Mama alinishika mkono.

"Savlat, Anzurat, sisi. Kote huko nimejenga tanuri mimi."

"Tanuri si udongo tu, mama?"

"Udongo wa wapi? Wa hapa una chumvi, mwaka hauishi tanuri limepasuka. Mimi nachota kule kwenye kiwanja cha zamani, ndege zilikokuwa zinapakia dawa. Laini, hauna chumvi. Mafundi wenzangu walinibembeleza niwaambie, nikawa nawacheka."

Udongo huo Mama huukanyagia uani kwa mteja, miguu mitupu, akichanganya na manyoya ya mbuzi. Unaobaki humwagwa palepale. Mwanangu Daler, mwenye miaka minne, alijifunza kusimama kwa kushikilia tanuri letu, na sikumbuki ni mara ngapi nimemtoa udongo mdomoni.

"Usimwambie," nikanong'ona. Naona aibu kuliandika, lakini nilisema hivyo. "Watatutenga kijiji kizima."

"Watutenge. Wana watoto na wao."

Rukhshona aliporudi, Mama alimsogezea mto wa kukalia. "Kaa, mwanangu. Andika majina. Nyumba nilizojengea tanuri kwa udongo wa kiwanja cha ndege ni arobaini na moja. Anza na hii."

Daler akaja mbio kutoka uani. Alikuwa amesikia harufu ya mkate niliotoka kuutoa tanurini.

"Mama, nipe."

Kwetu mkate hautupwi, hata kikianguka kipande unakiokota na kukibusu. Niliushika kwa mikono miwili, unaniunguza, naye amenyoosha yake. Nikamtazama Rukhshona aniambie la kufanya. Alikuwa ameinamia karatasi, anaandika jina letu.