Gari la Mwalimu Limeziba Njia

Mimi ni mwalimu wa udereva nisiyeendesha gari. Tangu lori linigonge nikiwa kwenye usukani na kunivunja nyonga, nakaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya mwalimu, nikiwafokea wanafunzi kwa uoga wao. Ni mkavu wa macho, najua. Asubuhi mwanafunzi mmoja hunifuata nyumbani, jioni mwingine hunirudisha, nami huliita hilo somo la ziada.

Si kwamba sikutibiwa. Niliingia kwenye utafiti wa tiba ya walionusurika ajali: unakaa na mshauri, unayahoji mawazo yako, kisha unakiendea unachokiogopa kidogo kidogo mpaka moyo utulie. Ilifanya kazi. Siku ya mwisho niliendesha mwenyewe hadi nyumbani, mabega juu. Halafu ikanyesha mvua kubwa, nikamwambia mke wangu, "Shika usukani, leo tu." Hiyo leo tu ina miaka sasa.

Kila mwaka dada mtafiti hunipigia simu kujua kama tiba bado imeshika. Unaingia kwenye gari? Kila siku, dada. Unakwepa chochote? Hata kidogo! Mtoto wa watu alikuwa akifurahi mno, nikaona haya kumharibia.

Mwaka huu alikuja mwenyewe. Nikajibu yote kwa madaha, mke wangu akikohoa jikoni bila kuwa na kikohozi. Dada akaaga, akatoka, mara akarudi.

"Samahani, mwalimu. Gari lako limenizibia njia. Naomba ulisogeze kidogo nitoke."

Mwanafunzi aliyeliegesha alikuwa ameshaondoka. Nikachukua ufunguo, nikatoka kifua mbele, nikafungua mlango, nikaketi. Kwenye kiti cha abiria.

Dada aliniangalia. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikahamia upande wa usukani. Jasho likanitoka. Niliogopa, sina namna nyingine ya kulisema. Nikasubiri moyo utulie, kama nilivyofundishwa. Nikawasha, likazima. Nikawasha tena, likaruka, likazima.

"Achia klachi taratibu, wewe!" mke wangu akafoka kutoka mlangoni, kwa sauti yangu mwenyewe ya darasani.

Safari hii likaenda, mpaka kando ya ukuta wa jirani, umbali wa kama urefu wa kitanda kimoja. Nikazima injini, nikamfungulia dada mlango wa abiria.

"Kaa hapa, dada. Toa karatasi zako. Tuanze upya, swali la kwanza."