Mkono Nyuma ya Dashibodi

Utacheka, najua, hata mke wangu alicheka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, kwenye kiwanja cha ndege cha Same, miaka ile watu wa Maore wanahamishiwa vijiji vya ujamaa.

Rubani mmoja mgeni alikuwa na glaida, ndege isiyo na injini, inayobebwa na upepo wa milimani. Alitaka sisi mafundi tumfungie transponda, kisanduku kinachoijulisha rada ndege ilipo. Dashibodi yenyewe finyu. Skrubu zinaingia kwa mbele, nati zinakaa nyuma, na mkono mmoja haufiki kote. Kwa hiyo mmoja hulala kitini na bisibisi, mwenzake hupitisha mkono puani mwa ndege kushika nati.

Mwenzangu alikuwa Elieza, mtu wa Bombo. Nikalala, nikaita, "Shika."

"Nimeshika, ndugu. Kaza."

Nikakaza zote. Kidole chake kikagusa changu kwenye nyaya, baridi kabisa. "Umetoka kuoga mtoni?" nikamtania.

Nilipoinuka, Elieza alikuwa anakuja kutoka barabarani na birika la chai. Kifuniko cha pua kilikuwa bado kimefungwa kwa nje. Sasa niliongea na nani?

"Tufungue," Elieza akasema. "Mtu anakwenda kuruka na hiki."

"Tumwambie nini? Jini kakaza nati?" Nilikuwa nimesoma sekondari, niliona aibu. Nikakitikisa kisanduku, hakikucheza. Nikanyamaza.

Rubani akaruka. Alirudi mapema, akatua vibaya. Alisema kitu kilizishika pedali, zile za kugeuzia ndege chini ya dashibodi, akanusurika kuugonga mlima.

Tukafungua pua. Niamini, hapakuwa na nati hata moja, na kisanduku kimesimama imara.

"Ulimwambia aachie?" Elieza akauliza. Ni desturi yetu: ukimaliza kukaza, unamwambia mwenzio aachie. Sikuwa nimesema. Elieza akainama puani. "Achia." Kisanduku kikaanguka.

Kitu kile kilitaka kumuua rubani, au kilishika tu kwa kuwa nilikiagiza? Mpaka leo sielewi. Elieza alirudi Bombo kulima. Tukikutana gulioni, ananipita bila salamu.

Nawe ukiitikiwa na usiyemwona, weka bisibisi chini, ukamtazame. Ukiona aibu kusema, sema hivyo hivyo. Mimi nilinyamaza, na mtu akaenda angani.