Harusi ya Bi Hawa na Matone ya Polio

Niliondoka Timbwani, kwetu Likoni, kwa hasira. Timu mbili za chanjo ya polio zilikuwa zimekwenda kijiji kimoja ng'ambo ya Mto Tana, kule kwenye watu wa bunduki, zikarudi na chupa zimejaa. Wenzangu zahanatini wakasema akina mama wa kule wajinga. Mimi Kadzo, muuguzi na mama wa watoto watatu, nikabisha: hakuna mama akataaye bure. "Basi nenda wewe!" wakaniambia. Nikaenda.

Alfajiri feri ilituvusha Likoni, sanduku la barafu mapajani mwangu. Kongowea mikokoteni ya vitunguu ilishaziba njia, na dereva wa basi akapiga honi mpaka akachoka. Baada ya Kilifi nikaanza kusinzia. Mikonge, ng'ombe, vumbi jekundu, vyote vilipita polepole dirishani, hata sikujua kipi nakiona na kipi nakiota.

Ng'ambo ya mto, niliouvuka kwa mtumbwi, palikuwa kimya ajabu. Nilipokewa na mama kijana, Habiba, mwanawe Zamzam mgongoni. Binti yake mkubwa alitambaa hadi mlangoni kunitazama. Polio ilimpoozesha miguu.

"Karibu, dada," alisema Habiba. "Ila mwanangu hutamtia wino."

"Wino tu? Matone huyakatai?"

"Matone nayaota, wallahi! Huyu mkubwa humwoni? Lakini mkishatoa matone mnapaka wino kidoleni. Wale wa msituni wakipita hukagua vidole. Nyumba yenye wino wanasema imekaribisha serikali, wanaichoma."

Kwetu Likoni watoto huringiana kwa vidole hivyo!

"Basi nisipake," nikasema.

"Usipopaka, wakaguzi wenu watazunguka darajani na magari kutafuta walioachwa. Hayo magari ndiyo balaa yenyewe."

Nikafungua sanduku. Barafu ilikuwa inakwisha, na chanjo ikipata joto haifai tena. Nilitaka kulia, haki ya Mungu.

Mkekani alikuwa amejilaza Bi Hawa, mama mkwe wa Habiba, mjane wa siku nyingi. Nilidhani amelala.

"Kwenye harusi watoto hutiwa hina vidoleni," alisema, macho kayafumba. "Hina itafunika wino. Mkaguzi ajuaye pa kutazama ataona wino. Asiyejua ataona harusi."

"Harusi ya nani, mama?" Habiba akauliza.

"Yangu. Kwani nina kasoro gani?"

Alasiri ngoma ikalia. Sijui niieleze vipi alasiri ile. Udi ulitanda uani, wanawake wakapiga vigelegele, na watoto wakatokea kila upande, wale wale waliofichwa timu zilizopita zilipokuja. Mimi natia matone kinywani na wino kidoleni, Habiba anafuata na hina. Wote tulikuwa tunacheka. Nilijihisi naelea.

Kabla hina haijakauka, wakaingia wanaume watatu wenye bunduki. Nikasukuma sanduku chini ya kitanda cha kamba, nikajitanda kanga. Mmoja akaushika mkono wa Zamzam, akaugeuza huku na huku.

"Anaolewa nani?"

"Mama mkwe wangu," Habiba akajibu.

Chini ya kanga zake Bi Hawa akakohoa. Yule mtu akamtazama sana bibi harusi aliyefunikwa gubigubi, kisha akauachia mkono wa mtoto.

"Mungu awape kheri," akasema, akatoka, wenzake wakamfuata. Nikalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Nilirudi Timbwani na chupa tupu. Wenzangu walitaka kujua nimewafundisha nini wale akina mama. Nikawaambia sikufundisha kitu, niliuliza tu wanaogopa nini, na sisi ndio hatukuwahi kuuliza. Furaha yangu haikukaa, maana matone hayatolewi mara moja yakatosha. Nilimpigia Habiba simu kumwambia Zamzam anahitaji mengine mwezi ujao, na kwamba nikikataliwa nitaelewa. Harusi mbili katika nyumba moja, ya mjane yule yule, nani ataamini?

Simu ikanyang'anywa kule kule.

"Kadzo," akasema Bi Hawa, "bwana harusi wangu wa kwanza nimemwacha. Lete matone."