Sufuria ya Makongoro

Baridi ya Juni hapa Songea bado inanishinda, ingawa huu ni mwaka wa tatu tangu nihamishwe kutoka Tanga kuja kufundisha bayolojia. Jumapili moja nilichemsha makongoro, miguu ya ng'ombe, kutwa, kama mama alivyotupikia tulipokuwa tisa nyumbani. Nikala bakuli moja. Asubuhi supu iliyobaki ilikuwa imeganda, inatikisika kama jeli.

Ilinikera kufikiria kuimwaga. Nikaibeba sufuria na ghadhabu zangu hadi darasani. Wanafunzi walicheka, nikawakaripia, kisha nikawaeleza kwamba kilichogandisha supu ni protini ya kano na ngozi. Wanasayansi huisafisha, huichanganya na seli hai, kisha huichapa kwa mashine tabaka juu ya tabaka, wakitafuta kutengeneza ngozi ya mtu.

“Seli zinaishi humo, Madamu?” aliuliza binti wa dawati la mbele.

“Zinaishi. Ila ukiziweka chache mno, kila moja mbali na nyingine, zinakufa. Seli inataka majirani.”

Wakaandika. Yule binti akachungulia tena sufuria.

“Madamu, kwani nyumbani mko wangapi?”

Niliwaambia wafunge madaftari, ingawa kengele ilikuwa bado haijalia.