Bibi yangu alichemsha meno ya bandia kwenye chai ya kijani, kumbe shida haikuwa harufu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yalitokea ndani ya nyumba yangu, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, miaka ya tisini mwanzoni. Chumvi sijaongeza, maana yenyewe inatosha.

Bibi mzaa mama alizaliwa Gulwe enzi za Mjerumani. Mwaka hakuujua. Alichojua ni kwamba reli ilipopita kwao, yeye alikuwa tayari anachunga ndama.

Alipokuja kukaa kwangu alikuwa kibogoyo kabisa. Nikampeleka kwa fundi meno mjini, akatengenezewa seti kamili, juu na chini. Meupe, yamejipanga kama punje za mahindi. Nikajiona mjukuu wa maana.

Hapo ndipo bibi akanyamaza.

Yule mama aliyekuwa anatania kila mtu, mimi akiniita "mume wangu" mbele ya mke wangu, sasa akiongea anaziba mdomo kwa kanga. Chakula anagusa, anaacha. Anazidi kukonda. Kwa umri ule mzee asipokula unajua kinachofuata. Niliogopa, wakuu, niliogopa sana.

Nikahisi ni harufu, maana alikuwa analala na meno mdomoni na fizi zilishavimba. Jirani yetu, nesi mmoja Mrangi wa Kondoa, akaniletea majani ya chai ya kijani.

"Chemsha maji, loweka majani, iache ipoe kabisa," akaniambia. "Asukutue baada ya kula, bila sukari. Haiponyi vidonda, ila kinywa kinachangamka. Na usiku ayavue, ayapige brashi laini, ayalaze kwenye maji ya kawaida."

Nikampa bibi. Akaonja, akanitazama.

"Mume wangu, hii chai au maji ya mlenda?"

Nilifurahi kweli. Siku nyingi hakuwa ameongea maneno yote hayo kwa mkupuo.

Na ilisaidia jamani, nisiseme uongo. Harufu ikapungua, fizi zikatulia. Ila kanga haikutoka mdomoni, na chakula kilibaki vilevile.

Siku moja natoka kazini, nakuta bibi yuko jikoni, sufuria inatokota. Nikachungulia. Majani ya kijani, maziwa, sukari, na meno humo humo.

Kaambiwa chai inasafisha kinywa, akaamua na meno yapate. Na kwetu chai ni ile iliyochemka na maziwa, nyingine ni ya wagonjwa. Seti ya chini ilijikunja kama kandambili iliyosahaulika karibu na moto. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza namwona anacheka tangu apate meno, na hakuwa na hata jino moja mdomoni.

Tukarudi kwa fundi. Akiwa anachukua vipimo upya, bibi akamshika mkono.

"Baba, hapa chini mbele usinijazie. Mawili ya katikati usiweke."

"Bibi, watu wanakuja hapa niwazibie mapengo. Wewe unataka nikutengenezee?"

"Ee. Nirudishie la kwangu."

Kwa wasiojua, Wagogo wa zamani waling'olewa meno mawili ya mbele chini wakiwa watoto. Bibi na mdogo wake, Mbeleje, waling'olewa siku moja. Vidonda vilipopona, ikawa kazi yao kuchekana mapengo kutwa nzima.

Kisha ikaja vita ya Mjerumani na Mwingereza. Askari wakachukua ng'ombe na nafaka, njaa ikaingia. Mbeleje akaondoka na shangazi yao kwenda upande wa Kondoa kutafuta chakula. Hawakurudi, wala hakuna aliyeleta habari.

"Nikijitazama kwenye kioo na meno haya, namwona mama wa watu, siyo mimi," bibi akamwambia fundi. "Nimebakiza safari moja tu. Mbeleje akinikuta huko mdomo umejaa, si atanipita?"

Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu. Fundi akawa anatafuta kitu kwenye droo, nadhani hata yeye hakujua anatafuta nini.

Seti mpya ikaja na pengo lake. Bibi akavaa, akapitisha ulimi pale katikati, akatabasamu bila kanga. Tulipofika nyumbani akaomba ugali, akala, akaongeza.

Nilichojifunza: chai ya kijani sawa, usafi wa meno sawa, na maji ya moto msithubutu. Ila kabla hujamzibia mzee pengo, muulize kama analihitaji. Mimi sikuuliza.

Aliishi miaka kadhaa baada ya pale. Alipofariki, mama zangu waliokuwa wanamwandaa wakatoka kuniuliza, meno wayatoe au wayaache.

Nikawaambia mwacheni nayo, kuna mtu anakwenda kuonana naye.

Haya, wenye wazee ndani, uwanja ni wenu. Wa kwako ameshakwambia anachotaka?